Naombeni msaada: nafuatilia majaribio ya homa ya manjano Cuba 1900 kupitia barua za wahusika, nianzie wapi?

BintiKilosa

Wakuu heshima kwenu, na wazee wangu humu shikamooni. Mimi ni nesi, huu mwaka wa tisa niko wodini, na sasa nimerudi darasani nasoma shahada ya pili huku naendelea na shifti. Mada yangu ni historia ya ridhaa ya mgonjwa, yaani ile fomu tunayompa mtu aweke sahihi au dole gumba kabla hajaingia opresheni, ilianzia wapi na nani aliifikiria. Nikichimba chimba nikajikuta Cuba mwaka 1900 kwenye majaribio ya homa ya manjano na tangu hapo sijatoka, mpaka mume wangu akirudi jioni ananiuliza haya, watu wako wa Cuba leo wamefikia wapi.

Kwa ambao hawakijui kisa. Wamarekani walikuwa wameishika Cuba baada ya vita na Wahispania na homa ya manjano ilikuwa inawamaliza. Juni 1900 jeshi lao likapeleka tume ya madaktari wanne, Walter Reed ndo mkuu wao, halafu James Carroll, Jesse Lazear na Aristides Agramonte. Wakati ule watu wengi waliamini ugonjwa unakaa kwenye nguo na matandiko ya mgonjwa. Daktari wa Cuba, Carlos Finlay, alishasema tangu 1881 kwamba ni mbu, na kwa karibu miaka 20 wakamwona mtu wa ndoto zake. Tume ikaenda kwake, akawapa mayai ya mbu, Lazear akayaatamisha na kuwalea, akawa anawapeleka mbu wanyonye damu ya wagonjwa halafu wanawang'ata wazima. Na wazima wa kwanza walikuwa wao wenyewe.

Sasa kilichonishika si ripoti, ni barua. Kuna daktari mmoja Mmarekani, Philip Hench wa Mayo Clinic, huyu alipata Nobel 1950 kwa kazi ya kotisoni, ile dawa ya baridi yabisi, kumbe muda wote huo pembeni alikuwa anakusanya barua na picha na makaratasi ya watu wa Cuba, anawaandikia waliobaki hai, anawaandikia wajane. Alipofariki mkewe akakabidhi kila kitu Chuo Kikuu cha Virginia, ambako Reed mwenyewe alisomea udaktari, na nyingi wameshaziskani ziko mtandaoni bure kabisa. Nazipakua kwa bando la usiku maana ndo rahisi, mpaka sasa ninazo kama 60 kwenye laptopu.

Ngoja niwape moja mnielewe. Carroll aling'atwa tarehe 27 Agosti, akaumwa nusura afe. Reed siku hizo yuko Washington anamalizia ripoti ya taifodi. Tarehe 7 Septemba zikamfikia habari kwamba Carroll anapata nafuu, akamwandikia barua pale pale, anashangilia kama mtoto, anamshukuru Mungu, anasema anaenda kulewa chakari kwa furaha, anamwambia aje nyumbani aone mke na watoto. Halafu mwishoni, baada ya sahihi, kuna kaswali kamoja tu: je, ni mbu aliyefanya hivyo? Niliisoma saa nane usiku kwenye meza ya manesi, wodi imetulia, nikaweka simu chini nikaenda kupima presha za watu, nikarudi nikaisoma tena.

Shida yangu sasa. Msimamizi wangu kanirudishia sura ya kwanza, pembeni kwa kalamu nyekundu kaandika kwamba barua za mtu kwa mke wake si chanzo cha historia, nitumie ripoti zilizochapishwa. Iliniuma kwa kweli, kwasababu nahisi ananiambia nitupe kitu chenye uhai nibaki na maganda, ila sijui namna ya kumjibu kitaalamu. Pili, mwandiko. Kuna barua naimaliza kwa siku tatu. Tatu, kuna hii ya tarehe 31 Desemba 1900, Reed anamwandikia mkewe Emilie zimebaki dakika kumi karne iishe, anasema ombi lake la miaka 20, kwamba ajaliwe kufanya jambo la kupunguza mateso ya binadamu, limejibiwa. Nzuri sana. Halafu mwishoni anamwambia mkewe sikiliza, wapiga tarumbeta 24 wanapiga kwa pamoja, sasa wanapiga nini ndo sielewi, nimesoma ni T-a-p-s, kamusi inaniambia ni mabomba ya maji. Nahisi nimesoma vibaya.

Na la mwisho, hili niseme tu, naona aibu fulani. Ni barua za watu na wake zao. Wameshakufa, lakini hakuna aliyewauliza kama nami nizisome. Mtu anayeandika kuhusu ridhaa hawezi kulipita hilo kimya kimya.

---

MzeeMakabrasha

Marahaba binti. Mimi nimestaafu, miaka 31 nimekaa na nyaraka za watu, naishi Tanga sasa nafuga kuku, lakini swali lako limenifanya nivae miwani.

Tuanze na msimamizi wako, na usimjibu kwa hasira maana anacho kitu anachokihofia, ni kwamba utaandika hadithi ya huruma. Mwonyeshe kwamba barua inabeba kitu ambacho ripoti haiwezi kukibeba. Ripoti inaandikwa mambo yakishajulikana, mtu anarudi nyuma anayapanga yaonekane yalikwenda kwa mstari mnyoofu. Barua inaandikwa mtu akiwa bado gizani. Mchukue Lazear. Tarehe 8 Septemba 1900 anamwandikia mkewe Mabel, ambaye yuko Marekani kwa ajili ya kujifungua, anamwambia anadhani yuko kwenye njia ya kukipata kijidudu chenyewe, ila asimwambie mtu yeyote, hata kudokeza asidokeze. Tarehe 13 mbu akamng'ata. Tarehe 18 homa ikaanza. Tarehe 25 akafa, ana miaka 34. Alipokuwa anaandika ile barua alikuwa na siku 17 za kuishi na hakujua. Ripoti inajua. Ukiisoma barua ukiwa na kifo chake kichwani utamsikia akisema mambo ambayo hakuyasema. Kwahiyo kazi yako ya kwanza ni kujizuia kujua.

Namna ninavyofanya mimi: chukua daftari kubwa, la karatasi, si kwenye laptopu. Kila barua ipe ukurasa wake. Juu andika tarehe iliyoandikwa, chini yake tarehe ya tukio linalosimuliwa, halafu swali moja, siku hii mwandishi anajua nini na nini bado hajakijua? Na usisahau bahari. Habari ya telegramu inafika siku hiyo hiyo, barua kutoka Havana inapanda meli. Kwahiyo kuna wakati Reed yuko Washington anajibu barua ambayo mambo yake huko Cuba yameshapinduka.

Sasa kitu cha kumpelekea msimamizi. Septemba hiyo hiyo Reed anamwandikia Carroll barua nyingine, hii si ya kushangilia. Anamwambia, kwa upole lakini kwa msisitizo, kwamba kesi yake haithibitishi kitu. Angekuwa amekaa kambini siku 10 bila kwenda popote kabla ya kung'atwa, hapo wangekuwa na ushahidi safi, lakini yeye alikwenda hasa mahali ambapo angeweza kuupata ugonjwa kwa njia nyingine. Unaona? Mwenzake katoka kaburini na bado anamwambia ukweli huo. Na ndani ya malalamiko hayo ndo imo ramani ya kambi waliyokuja kuifungua tarehe 20 Novemba, wakaiita Camp Lazear kwa jina la marehemu. Mahema mbali na watu, hakuna kutoka, kila mtu anakaa kwanza akiangaliwa afya yake ndo ang'atwe. Nyumba mbili za mbao. Moja imejazwa mashuka na nguo za wagonjwa, zenye matapishi na uchafu wote, daktari kijana Robert Cooke na askari wawili wakalala humo usiku 20 mfululizo, kundi lililowafuata likavaa mpaka nguo za kulalia za wagonjwa, na hakuna aliyeumwa. Ya pili safi kabisa, imekatwa katikati kwa wavu wa waya, upande mmoja mbu upande mwingine hakuna, hewa ni ile ile. John Moran, mmoja wa waliojitolea, akajilaza upande wa mbu tarehe 21 Desemba na siku ya Krismasi homa ikampata. Waliolala ng'ambo ya wavu wazima. Ukimwambia msimamizi wako kwamba chimbuko la mpango huu liko kwenye barua ya Septemba, sidhani kama atachukua tena kalamu nyekundu.

Mwandiko: usipambane na neno moja moja. Tafuta neno unalolijua kwa hakika, tarehe, jina la mji, "Havana" hilo haliwezi kukupotea, uone anavyochora h yake na v yake, ujitengenezee alfabeti yake pembeni ya daftari. Halafu soma kwa sauti. Sikio linakamata maneno ambayo jicho limeyakataa.

Na bahasha, binti, bahasha usiziruke. Kuna ofisi niliyowahi kufanya kazi, sitaitaja, mkubwa mmoja aliamuru bahasha zote zitupwe kupunguza nafasi kwenye makabati. Niliziona zinaungua nyuma ya jengo kwenye pipa. Mihuri ya posta, tarehe za kufika, anwani zilizokatwa zikaandikwa upya, vyote vile vilikwenda na moshi. Mpaka leo sijakaa sawa na siku ile. Wakikuwekea picha ya bahasha hata tupu, ipakue.

---

Afande_mstaafu

Habari yako dada. Hujasoma vibaya, ni Taps kweli. Huo ni mlio wa tarumbeta kwenye jeshi la Marekani, unapigwa usiku kuashiria taa zizimwe watu walale, na huo huo ndo unapigwa mazishini askari akishushwa kaburini. Sisi huku tulirithi mila za Waingereza, kwenye mazishi ya kijeshi utasikia Last Post, kazi ni ile ile.

Sasa jiweke pale. Reed yuko kwenye kambi ya jeshi nje ya Havana, saa sita usiku inagonga, na kawaida huo mlio anaupiga mtu mmoja. Hapo wamejipanga 24. Walikuwa wanauzika mwaka, na kwa hesabu yao walikuwa wanaizika na karne, maana wao waliihesabu karne kuisha mwisho wa 1900. Mimi nimesimama kwenye mazishi mengi na tarumbeta moja tu inatosha kukulegeza magoti, hao 24 sipati picha. Na mtu mwenyewe miezi mitatu nyuma alimpoteza Lazear. Hakumtaja kwenye mstari huo, lakini askari yeyote akisikia mlio ule kuna mtu anamkumbuka.

---

BintiKilosa

Afande Mungu akubariki, nimesoma jibu lako nikiwa kwenye daladala nikashindwa kuendelea. Mzee makabrasha nimenunua daftari leo, kaunta buku kwaya nne, naanza na za Septemba.

Mzee hii ya kujizuia kujua ni ngumu jamani. Ila nimeona kitu tayari. Septemba ile ile Reed anamwandikia rafiki yake Kean, naye daktari wa jeshi, anasema anajionea aibu kukaa kwenye nchi salama huku wenzake wanaangushwa na ugonjwa, na kwamba mkubwa wake kamshauri asirudi lakini yeye anaona mahali pake ni Cuba kama mkuu wa tume. Kwenye ripoti aibu hiyo hakuna. Na nadhani bila hiyo aibu huwezi kuelewa kwanini kwenye kambi ile alikuwa makini kupita kiasi na watu wa kujitolea. Nimekosea?

---

SisterMwaNne

Hujakosea mdogo wangu, ila ngoja nikuongezee upande wa pili maana na mimi ni nesi, mwaka wa 22 huu, na hii ya ridhaa naifahamu vizuri nje ndani.

Hiyo mikataba ya Novemba 1900, waliyosaini watu wa kujitolea, umeiona? Isome polepole. Imeandikwa kwa Kihispania na Kiingereza, na hapo Reed anastahili sifa, maana wengi waliosaini walikuwa Wahispania wahamiaji waliofika Cuba juzi juzi kutafuta maisha, na mtu kupewa karatasi kwa lugha yake mwaka ule lilikuwa jambo jipya. Sisi leo, karne ya 21, nimeona kwa macho yangu bibi wa Kisukuma anawekewa dole gumba kwenye fomu ya Kiingereza, anaambiwa bibi bonyeza hapa. Kwenye hospitali ambayo sitaitaja. Nilisimamisha zoezi nikatafuta mtu wa kumtafsiria, nikaitwa mkorofi, sawa tu.

Lakini soma na hesabu ya pesa. Dola 100 za dhahabu kwa kukubali kung'atwa, na 100 nyingine ukiugua. Ukitoroka kambini unapoteza. Na kuna sentensi moja nataka uikodolee macho, inakiri kwamba maisha yake yanaingia hatarini, halafu hapo hapo inasema kwa kuwa haiwezekani kuukwepa ugonjwa akiwa kisiwani, anaona bora aupate makusudi akiwa na uangalizi mzuri wa madaktari. Hiyo nusu ya pili ni ushawishi, ni mtu anayekusukuma kwa mkono wa taratibu. Kweli alisema ukweli, hatari ilikuwepo hata nje ya kambi, lakini weka sentensi hiyo mbele ya kijana ambaye hana kitu mfukoni na dola 100 ziko mezani. Hao ndo nawatafuta kwenye barua zako siwaoni. Barua zao walizowaandikia mama zao Hispania ziko wapi? Reed tunamsikia akifurahi na mkewe, tarehe 9 Desemba anamwambia furahi pamoja nami mpenzi, maana Kissinger kashikwa na homa usiku uliopita na jaribio limefaulu. Kissinger askari kijana, kitandani na homa na viungo vinauma, huyo ndo furaha yenyewe. Simlaumu Reed, na kwenye kambi yake hakufa hata mmoja, lazima tuliseme hilo. Ila kama utaandika kwa barua za madaktari peke yake utaandika furaha yao.

Mtafute na Clara Maass. Huyu ni mwenzetu, nesi kutoka New Jersey. Haikuwa kambi ya Reed, ilikuwa mwaka uliofuata, Havana pale pale, Dk Juan Guitéras alitaka kuona kama mbu anaweza kutumika kumpa mtu kinga. Clara alikubali kung'atwa na kulipwa, alikuwa na mama na wadogo zake nyumbani wanaomtegemea. Alifariki tarehe 24 Agosti 1901, miaka 25. Pesa ya nesi inayokwenda kwa mama yake kila mwezi mimi na wewe tunaijua, hiyo haihitaji kamusi.

---

MtotoWaEntebbe

Ndugu zangu salaam kutoka Uganda. Nilizaliwa Mwanza nikakulia Entebbe, Kiswahili changu ni cha kuchanganya mtanisamehe.

Nataka kumjibu Sister kuhusu barua ambazo hazipo. Hapa Entebbe mwaka 1936 Rockefeller Foundation, shirika la ufadhili la Marekani, walifungua taasisi ya kutafiti homa ya manjano, ndiyo hii leo inaitwa Uganda Virus Research Institute. Watafiti wale walikuwa wanaandika sana, barua, shajara, kila siku. Baba yangu alifanya kazi hapo miaka ya baadaye. Kazi yake ilikuwa kukaa juu ya jukwaa la mbao kwenye mti msituni, usiku mzima, amekunja suruali mpaka magotini, na kila mbu akitua kwenye mguu anamfunika kwa kichupa kabla hajauma, anaandika saa, kichupa kingine. Saa baada ya saa, mpaka kukuche. Ndivyo walivyojua mbu gani anauma saa ngapi na kwa urefu gani kutoka chini, maana kule msituni ugonjwa unakaa kwa nyani na kima huko juu matawini, si kama Havana ambako mbu alizaliana kwenye mapipa ya maji ya nyumbani. Na ni katika kuwinda homa ya manjano hivyo hivyo ndipo mwaka 1947 wakakipata kirusi kingine kabisa kwenye damu ya kima waliyemweka ndani ya kizimba msitu wa Zika. Dunia nzima ilikuja kulisikia jina hilo baadaye sana.

Baba hayumo kwenye shajara za mtu. Ila alimwandikia mama barua, kwa Kiswahili, maana mama alikuwa Mwanza kwao anauguza bibi. Tunazo tatu. Mbili ni habari za ada na mabati. Ya tatu anamwambia usiku kule juu kuna baridi na kuna sauti za wanyama hajawahi kuzisikia, na kwamba wakubwa wamewachanja wote chanjo kwahiyo asiogope. Nusu ukurasa tu. Kwa kalamu ya risasi. Nimeiweka ndani ya plastiki na sikuwahi kufikiri kama inahusiana na historia ya mtu yeyote nje ya familia yetu mpaka nimesoma uzi huu.

Na hiyo chanjo yenyewe, dada, ifuatilie mpaka chanzo chake. Mwaka 1927 kule Gold Coast, Ghana ya leo, walichukua damu ya kijana mmoja anaitwa Asibi, ana miaka 28, anaumwa homa isiyo kali. Akapona. Kirusi kutoka kwenye damu yake kikasafiri, kikapitishwa maabara mara nyingi mno mpaka kikapungua makali, na Max Theiler akatengeneza nacho chanjo ya 17D mwaka 1937, akapata Nobel 1951. Chanjo ya homa ya manjano tunayochomwa leo sote, ile ya kadi ya njano ya kwenye pasipoti, inatokana na damu ya Asibi. Watafiti waliokufa huko Afrika Magharibi tunawajua wote kwa barua zao na za wenzao, Adrian Stokes alikufa Lagos 1927, Hideyo Noguchi akafa Accra Mei 1928, na daktari William Young aliyekuwa naye akamfuata siku chache baadaye. Asibi ana jina moja na umri.

---

Juma_wa_kale

Nakubaliana na wengi ila dada naomba nikutahadharishe na kitu kimoja kuhusu huo mkusanyiko wa Hench. Ndani yake kuna barua za aina mbili na zimekaa folda jirani. Kuna za 1900, hizo wino ulikuwa mbichi na mbu yuko chumbani. Halafu kuna za mwisho wa miaka ya 1930 na 40, Hench anawauliza wazee waliobaki, na wazee wanakumbuka. Kwa mfano ile habari maarufu ya Moran na Kissinger kwenda kwa Reed kujitolea na kukataa malipo, Reed akasimama akawapigia saluti. Ilirudiwa miaka mingi na kila mtu akaisugua kidogo ing'ae. Na wazee hao hawakuwa wanakumbuka hewani, walishasoma kwenye magazeti na vitabu jinsi wao wenyewe walivyokuwa mashujaa. Hata mahali kambi ilipokuwa Hench ilibidi afike Cuba mwenyewe kupatafuta.

Sisemi wanadanganya. Babu yangu alisimulia safari yake ya Burma, ya vita ya pili, kila Idd, na kila Idd mto waliouvuka ulikuwa unapanuka. Nasema ukichukua jibu la Moran la miaka 40 baadaye, chukua na swali la Hench lililomfikia, uziweke pamoja. Mara nyingi jibu limeshakaa ndani ya swali. Na pale kifo cha Lazear, kama alimwacha mbu amng'ate au ilikuwa bahati mbaya pale hospitali ya Las Animas, uwe mwangalifu mara mbili, kwasababu wenzake wote waliandika kumhusu akiwa ameshakuwa shujaa, Agramonte aliandika yake 1915, miaka 15 imepita. Daftari la Lazear lenyewe ambalo Reed alilitegemea baadaye lilipotea. Hapo andika kwamba wametofautiana na uache hivyo hivyo.

---

BintiKilosa

Nimechelewa kurudi, nilikuwa na shifti mbili mfululizo.

Kwanza nimempelekea msimamizi ile barua ya Reed ya siku 10, nikaweka upande wa kushoto maneno ya barua, upande wa kulia mpangilio wa Camp Lazear. Hakunisifia ila ameniambia endelea, lete sura ya pili. Kwangu inatosha kabisa.

Sister, umenipindua. Sura ya pili nilikuwa nimeipa jina la Reed, sasa naianza na mkataba, na kijana wa Kihispania aliyeusaini Novemba, na sitajifanya najua alichomwandikia mama yake. Nitaacha nafasi yake wazi ukurasani na nitasema ni nafasi ya nani. Kaka Juma nimetenganisha folda, za 1900 kwake na za Hench kwake, na kweli maswali mengine ya Hench ni marefu kuliko majibu.

Lile la aibu hakuna aliyenijibu na nadhani ni sawa, ni langu. Nimeamua hivi, yale ya mtu na mkewe yasiyohusu homa, majina ya utani, habari za binti yao, siyaandiki. Nimeyasoma lakini siyaandiki.

MtotoWaEntebbe naomba nikuombe rasmi, mbele za watu. Hiyo barua ya mzee wako ya kalamu ya risasi. Sitaki unitumie sasa. Muulize kwanza mama kama yupo, na ndugu zako, wakikubali niambie nikuandikie karatasi inayoeleza nitaitumia wapi na nitaitoa wakati wowote mkibadili mawazo. Kwa Kiswahili.

---

MtotoWaEntebbe

Mama yupo, ana miaka 86. Nimempigia jana. Alinyamaza kidogo halafu akauliza, huyo binti anataka ile ya mabati au ile ya baridi? Nikamwambia ya baridi. Akasema aje aisome hapa nyumbani kwanza, mbele yangu, kwa sauti, macho yangu hayaoni tena na sijaisikia muda mrefu.

---

MzeeMakabrasha

Panda basi binti. Na ukifika uliza kama bahasha yake wanayo.